Uzi: Kiunzi cha mifupa cha Sindbad, kwa nini filamu ya 1958 bado inamshika mtoto wa leo

Mwana Langoni (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum wadau. Uzi huu ni mrefu, wenye haraka nawaomba radhi mapema.

Juzi usiku mpwa wangu, mtoto wa miaka kumi na mmoja, aliniomba nimwekee filamu kwenye kompyuta. Nikamwekea ile niliyoiona mimi nilipokuwa rika lake, katika chumba cha video hapa hapa mtaani Langoni, Lamu, watoto tumebanana mkekani na kanda imechakaa hata bahari imegeuka rangi ya chai. Ni The 7th Voyage of Sinbad, ya mwaka 1958. Nilikuwa na wasiwasi. Mtoto huyu amezoea filamu ambazo mji mzima huporomoka kabla kikombe cha kahawa hakijapoa, na nilijua kwamba akicheka nitaumia.

Hakucheka. Jitu la jicho moja lilipomfukuza mchawi hadi ufuoni, alisogea karibu na skrini. Kiunzi cha mifupa kiliposhika upanga kikamkabili Sindbad, alinishika mkono akauliza, "Mjomba, kile ni kitu?"

Litazameni swali lenyewe. Hakuuliza kama ni kweli, wala kama ni mtu aliyejivika mifupa. Aliuliza kama ni kitu, yaani kama kilikuwapo mahali, chini ya taa, kikitupa kivuli chake chenyewe. Nikamwambia ndiyo, ni kitu. Tangu usiku ule jibu hilo linanizunguka kichwani, kwa sababu naamini ndilo linaloifanya filamu hii isichuje.

Aliyekitengeneza ni Ray Harryhausen, mzaliwa wa Los Angeles, 1920. Mwaka 1933, akiwa bado mvulana, alikwenda kutazama King Kong, na akatoka na swali moja: yule sokwe ametembeaje? Alipogundua kwamba ni mwanasesere anayesogezwa kidogo na kupigwa picha, akasogezwa tena na kupigwa picha tena, kazi ambayo bingwa wake alikuwa Willis O'Brien, akaanza kujifinyangia wanyama wake nyumbani. Baba yake alikuwa fundi mitambo, akawa anamchongea viungo vya chuma vya kutia ndani ya wanasesere. Mama yake alimsaidia mavazi yao. Nikisoma habari hiyo naziona nyumba za mafundi wa mji huu, baba anapiga patasi, mtoto anapiga msasa, na mama ana neno lake la kusema kuhusu ua lipi limekaa vibaya. Baadaye kijana yule alifanya kazi chini ya O'Brien mwenyewe, katika Mighty Joe Young ya 1949.

Sasa piga hesabu. Sekunde moja ya filamu ni picha 24. Kwa kila picha, mkono unasogezwa upana wa uzi, goti linasogezwa, shingo inasogezwa, ncha ya upanga inasogezwa. Halafu fundi anajitoa mbele ya kamera, anapiga picha moja, anarudi. Mara 24, ndipo sekunde moja imetimia. Viumbe vya filamu hii vilimchukua miezi 11, na kazi ya kuvisogeza alikuwa akiifanya peke yake.

Na huyo Sindbad, mwigizaji Kerwin Mathews, anapigana na nani? Na hewa. Alifundishwa hatua na mwalimu wa upanga kutoka Italia, akazikariri zote, kisha mpinzani akaondolewa, akacheza pambano lote peke yake mbele ya kamera: pigo hapa, kinga pale, macho yakimfuata mtu asiyekuwapo. Harryhausen aliichukua picha ile akaimulika kwa nyuma ya skrini ndogo, fremu moja baada ya nyingine, akakisimamisha kiunzi mbele yake na kukilinganisha na kila pigo. Kilichotakiwa kuwa mbele ya kiumbe, kama mwamba au ngazi, alikiziba kwa rangi nyeusi juu ya kioo, kisha akairudisha filamu nyuma na kuipiga upya sehemu ile tu iliyozibwa. Ndiyo sababu viumbe vyake havionekani kama vimebandikwa. Vina dunia nyuma yao na dunia mbele yao. Waliuita ufundi huu Dynamation, na hii ndiyo filamu yake ya kwanza ya rangi kuufanya.

Aliyekulia Lamu ameona kirumbizi. Vijana wawili, bakora mbili, zumari na ngoma, na macho ya mji mzima. Kinachopendeza katika kirumbizi si nani kampiga nani. Ni vile kila mmoja anavyojua bakora ya mwenziwe itakuwa wapi kabla haijafika. Mimi nikitazama pambano lile la Sindbad na mifupa ninaona kirumbizi ambacho mchezaji mmoja alicheza Hispania na mwenziwe akaja kucheza baada ya miezi, ndani ya chumba chenye giza, na bado bakora zimekutana. Hata muziki umelielewa jambo hilo: Bernard Herrmann alikipa kiunzi sauti ya zailofoni, mti mkavu ukigonga mti mkavu.

Kazi yangu ni nakshi, nachonga milango. Siku hizi ipo mashine inayokata ua lile lile mara mia bila kupotoka hata unywele, na wateja wengine wanalipenda hilo. Lakini mchukue mtu asiyejua chochote kuhusu mbao, mpeleke mtaa wa Mkomani, msimamishe mbele ya mlango mkuukuu. Ataweka kidole. Kila mara ataweka kidole. Mbele ya ule wa mashine ataupiga picha aende zake. Nimeliona hilo miaka na miaka na sijawahi kumlaumu mtu. Kidole chenyewe ndicho kinachojua kwamba pale alisimama mtu akafikiri.

Mpwa wangu aliposema "ni kitu?" alikuwa anaweka kidole.

Naomba michango yenu.

Wa Malindi

Wa aleikum salaam, kaka. Umeandika vizuri ila nina neno la kupinga. Mimi niliwaonyesha vijana wa mtaani kwetu hapa Malindi filamu hiyo hiyo, wa miaka kumi na saba hadi ishirini. Walisema viumbe vinatembea kwa kukwamakwama. Na ni kweli vinakwama. Usije ukawa unaupenda utoto wako ule wa chumba cha video, ukadhani unapenda filamu. Vilevile watu wa kompyuta nao wanakesha, wanaumia mgongo, wanafikiri. Kwa nini mkono wao usihesabiwe?

Mwana Langoni

Ndugu yangu wa Malindi, ahsante, hayo ndiyo maneno niliyoyataka.

Kuhusu watu wa kompyuta nakubali kabisa. Nisingependa mtu asome uzi huu akadhani nawadharau, wanafanya kazi ngumu na wengi wao wamesema wazi kwamba Harryhausen ndiye aliyewatia mapenzi ya kazi hii. Kuhusu utoto wangu, mpwa wangu hana kumbukumbu yoyote ya chumba kile. Yeye ameiona mara ya kwanza juzi.

Sasa huko kukwamakwama. Ukipiga picha ya mtu anayekimbia, mkono wake unatoka na ukungu kidogo, kwa sababu ulikuwa ukienda wakati kamera imefungua jicho. Mwanasesere wa Harryhausen hakuwa akienda. Kila picha ilipopigwa alikuwa ametulia tuli. Kwa hiyo kila fremu yake ni kali, haina ukungu, na jicho letu linahisi tofauti hata kama mdomo haujui kuieleza. Sindbad ana ukungu wa walio hai. Kiunzi hakina. Kwa gari au farasi hiyo ni kasoro, lakini kwa mfu aliyeinuka akashika upanga nasema ndiyo mwendo unaomstahiki.

Niruhusu nikukumbushe jambo la kwetu. Muhamadi Kijumwa wa hapa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati na mchonga mbao pia, aliandika utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913. Unaujua mwisho wake. Liyongo amechomwa kitovuni kwa shaba, na mwanawe mwenyewe. Anaamka, anachukua upinde, anakwenda mpaka kisimani, anapiga goti, anatia mshale, na roho inamtoka akiwa vile vile ameuvuta. Mji mzima unakaa na kiu. Hakuna anayethubutu kusogea kisimani, kwa sababu yule pale ametulia, na utulivu wake unatisha kuliko mbio za jeshi. Mama yake anakwenda kumbembeleza kwa maneno, mpaka mwili unaanguka wenyewe ndipo watu wanajua kuwa alikwisha kufa.

Hicho ndicho Harryhausen alichokishika mkononi. Kitu kilichotulia ambacho huna hakika nacho. Katika Jason and the Argonauts, ya 1963, kuna Talos, jitu la shaba lililopiga goti juu ya jiwe lake. Watu wanapita chini yake wakidhani ni sanamu. Kisha shingo inageuka, polepole, na chuma kinalia. Kila mtu niliyewahi kumwonyesha sehemu ile ameshusha pumzi. Na Talos anakufa kwa kufunguliwa kisiginoni, mahali pamoja tu palipo dhaifu, kama Liyongo na kitovu chake. Sisemi mmoja amemwiga mwenzake, hadithi ya Talos ni ya Wayunani wa kale. Nasema sisi watu wa Lamu tuliandaliwa zamani kuogopa jitu lililopiga goti.

Baharia wa Matondoni

Nimesoma yote. Kuhusu mifupa sina ugomvi. Ugomvi wangu ni chombo.

Sindbad ni baharia wa bahari yetu. Chombo gani kile walichompa? Matanga ya mraba, tezi imeinuka kama ghorofa. Hakuna nahodha wa Basra aliyesafiri na kitu kama hicho. Huwezi kumtoa mtu Baghdad ukampandisha merikebu ya Kizungu ukasema ni hadithi ya Waarabu. Sisi tunaounda majahazi tunaiona kasoro hiyo kabla hata jitu halijatokea.

Mwana Langoni

Mzee wangu, umeiona sawasawa. Filamu ilipigwa Hispania, na kwa chombo walitumia mfano wa Santa María, ile merikebu ya Columbus, uliokuwa bandarini Barcelona. Hawakuwa na fedha za kuunda chombo kingine. Nami linaniuma, hasa nikifikiri kwamba visiwani huku kulishonwa mitepe kwa kamba za nazi na kutwekwa tanga la mkeka, na kwamba chombo kile kingependeza kwenye skrini kuliko merikebu yoyote. Siitetei.

Ila neno moja nakuletea wewe maalumu. Ndani ya kila mwanasesere wa Harryhausen kulikuwa na mifupa ya chuma yenye viungo vya kujikunja, na juu yake ndipo alipotia nyama ya mpira. Mpira ulioza na miaka. Chuma kilibaki. Nyinyi mkisimamisha mkuku na mataruma, kabla ya ubao wa kwanza, mnakiitaje kitu kile? Kiunzi. Na mifupa ya mtu tunaiitaje? Kiunzi. Yule mzee wa Los Angeles hakujua neno hili la kwetu, lakini kazi yake yote imo ndani yake.

Baharia wa Matondoni

Hapo umenishika. Nitaitazama tena, nitafumba macho chombo kikipita.

Mwalimu wa Shela

Assalam aleikum ndugu zangu. Nimechelewa lakini nina mawili.

La kwanza ni Rukh, yule ndege mkubwa. Katika filamu wamempa vichwa viwili, na mabaharia wenye njaa wanavunja yai lake, wanamchoma kinda wake wamle. Wanafunzi wangu waliipenda sehemu ile na kuihuzunikia pia, maana kinda yule alikuwa ametoka yaini sasa hivi, manyoya bado mabichi. Nikawaeleza kwamba Marco Polo aliandika habari za ndege huyo akizihusisha na upande wa Madagaska, na kwamba Madagaska kweli palikuwa na ndege wasioruka, warefu kufikia mita 3, ambao mayai yao yalikuwa makubwa kuliko yai la kiumbe chochote tunachokijua. Wametoweka, mayai yao yanaonekana makumbusho. Baharia aliyeliona ganda lile sokoni, akaulizwa ni la nini, angejibu nini? Hadithi ya Rukh haikutoka mbali na sisi. Imetoka kwenye njia zetu za kaskazi na kusi.

La pili ni ukumbi. Kasri ya Baghdad mnayoiona pale ni Alhambra ya Granada. Nguzo zile, maandishi yale ukutani, ni kazi ya mafundi Waislamu wa karne ya 14. Kwa hiyo hata kama waigizaji wakuu wengi ni Wamarekani na chombo ni cha Columbus, kuta ni za kweli. Kaka, wewe unayesema mtoto aliweka kidole, nadhani kidole kiligusa na kuta zile.

Nina lawama pia. Binti Parisa amefanywa mdogo kama kidole na mchawi, na nusu ya filamu anabebwa ndani ya kisanduku. Lakini ni yeye, na udogo wake, anayeingia ndani ya taa kuzungumza na jini, akamkuta ni mtoto mpweke anayetaka kuwa huru. Hapo ndipo roho ya filamu ilipo kwangu, na wamepita haraka mno. Ningependa wangekaa.

Mwana Langoni

Mwalimu, umenifundisha. Hilo la kuta sikuliwaza kabisa, na mimi ndiye mtu wa nakshi. Na la jini mtoto nakuunga mkono. Mazungumzo ya filamu hii kwa jumla ni mepesi, wanasema na kupita. Aliyekaa na kazi yake ni mmoja tu. Tazameni jitu linapomfunga baharia kwenye kijiti cha kuchomea na kukaa kando kungoja nyama iive. Linalamba midomo. Hadithi haikuhitaji lile. Mtu alikaa siku nzima, pengine zaidi, akisogeza ulimi wa mpira, ili jitu lile liwe na njaa kama yangu na yako.

Mwaka 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza filamu hii katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Harryhausen alikuwa hai kuliona hilo, alifariki London mwaka 2013, akiwa na miaka 92.

Na kiunzi, mnajua kilikwenda wapi? Hakikutupwa. Kilipohitajika kikosi cha mifupa saba katika ile filamu ya 1963, kimoja kati ya saba kilikuwa kile kile cha Sindbad. Saba dhidi ya watu watatu, kila kiunzi na mikono, miguu na kichwa chake. Pambano la dakika chache lilimchukua zaidi ya miezi minne, kwa wastani wa fremu 13 kwa siku. Fremu 13 ni kama nusu sekunde. Mtu anaamka asubuhi, anafanya kazi mpaka jioni, na nusu sekunde imekamilika. Nimewahi kutoa siku tatu kwa jani moja la mfaa wa mlango, nikadhani mimi ndiye mwenye subira.

Wa Malindi

Kaka, nimeirudia jana usiku, taa zote nimezima. Naondoa nusu ya niliyoyasema. Kukwama bado nakuona, ila sasa nakuona kwa kiunzi na sikuoni kwa jitu. Jitu lina uzito. Kwato zake zinakanyaga.

Nimewaza jambo lingine. Hapa kwetu kuna Marafa, lile korongo ambalo Wagiriama wanaliita Nyari. Kuta nyekundu, nyeupe, rangi ya manjano, na jua likizama zinawaka kama makaa. Na lina hadithi yake, ya watu matajiri waliooga maziwa mpaka ardhi ikawameza. Wageni wanaliona wanapiga picha wanaondoka. Kwa nini kijana wa hapa asiende na simu yake, udongo wa kufinyanga na waya, akamsimamisha zimwi wake kwenye miamba ile? Hakuna haja ya kujenga mandhari. Mungu amekwisha kuijenga.

Mwana Langoni

Ndugu yangu, Mungu akulipe kwa fikra hiyo. Nimemsomea mpwa wangu ujumbe wako neno kwa neno.

Amekwisha kuanza, kwa kweli. Jumamosi alikuja karakanani akaniomba vipande vya waya na mabaki ya mbambakofi. Amejichongea mtu wa urefu wa kiganja, mikono ya waya, upanga wa kijiti cha ukuti. Amemsimamisha juu ya baraza, simu ameiegemeza kwenye mtungi wa maji, na amepiga picha tangu adhuhuri mpaka mwanga ukamkimbia. Mara mbili punda wa jirani alipita akatikisa kila kitu, akaanza upya bila kulalamika, jambo ambalo mama yake hakuliamini nilipomweleza.

Picha 96. Ni sekunde nne. Mtu yule wa mbao anainua upanga, anageuza shingo kutazama mlangoni, na hapo picha zinakwisha.

Tumezitazama sekunde nne zile labda mara arobaini. Ile shingo inapogeuka, ameipata. Nimemuuliza mtu wake anatazama nini mlangoni. Amesema atajua kesho, akimsogeza.